Mtoto Akigonga Kichwa Uwanjani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Makocha, Mbeya

Mimi ndiye ninayesimamia afya ya watoto katika programu yetu ya mpira wa miguu na netiboli hapa Mbeya. Tuna watoto wa miaka 6 hadi 15, na kila Jumamosi asubuhi wazazi wananifuata pembeni ya uwanja na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa kama yalivyoulizwa. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari aliyemwona mtoto wako.

Mtikisiko wa ubongo ni kitu gani hasa?

Ubongo ni laini, umekaa kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikigongwa, au mtoto akianguka kwa mgongo kichwa kikarushwa nyuma kwa nguvu, ubongo unatikisika humo ndani na kazi yake inavurugika kwa muda. Si lazima kichwa chenyewe kiguswe, na si lazima kuwe na nundu wala damu.

Kinachowachanganya wazazi wengi ni vipimo. Mtoto anapelekwa hospitali, anapigwa eksirei au CT, majibu yanatoka safi, mzazi anaambiwa hakuna kitu. Eksirei safi maana yake hakuna mfupa uliovunjika; CT, picha ya ndani ya kichwa, ikiwa safi maana yake pia hakuna damu iliyovuja. Mtikisiko wenyewe hauonekani kwenye picha. Unajulikana kwa dalili tu: namna mtoto anavyojisikia, anavyofikiri, anavyosimama, anavyolala. Kwa hiyo majibu safi ni habari njema, lakini si ruhusa ya kurudi mazoezini Jumatatu.

Mwanangu hakuzimia hata kidogo. Mbona mlimtoa?

Kwa sababu watoto takribani 9 kati ya 10 wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Tukisubiri wazimie, tutawakosa karibu wote.

Tunachotazama ni hiki: amechelewa kuinuka, anayumba, anashika kichwa, anakutazama kama hakuoni, anajibu taratibu kuliko kawaida yake, analia bila kujua analilia nini, au anakimbilia goli lake mwenyewe. Kisha tunamuuliza. Mkubwa tunamuuliza tuko uwanja gani, nani kafunga bao la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Wa miaka 7 hata akiwa mzima hajui mechi iliyopita ilikuwa na nani, kwa hiyo yeye tunamuuliza amekuja na nani leo, asubuhi amekunywa nini, mwalimu wake wa darasa anaitwa nani. Dalili moja inatosha. Anatoka, na harudi siku hiyo.

Na dalili zinaweza kuchelewa. Mtoto anaondoka uwanjani anacheka, jioni anakataa chakula na anasema taa inamuumiza macho. Ndiyo sababu tunakupigia simu hata kama mtoto anaonekana hana shida.

Baada ya dakika kumi alikuwa sawa na mwenyewe alitaka kurudi. Kwa nini mlikataa?

Hili nitalijibu kwa kirefu, maana nililikosea mwenyewe.

Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi wa kocha katika timu moja ya mtaa. Beki wetu wa miaka 12 aligongana vichwa na mwenzake. Tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya: tukammwagia maji, akatikisa kichwa, akasema "niko freshi, kocha". Tulikuwa tunaongoza bao moja. Mimi ndiye niliyemwambia aingie. Muda si mrefu mpira ukampiga usoni, akakaa chini, akatapika. Usiku mama yake akanipigia: mtoto haeleweki anachosema. Alipona, Mungu ni mwema, lakini kwa wiki sita hakuweza kukaa darasani siku nzima. Mama yake hakuwahi kunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ubongo uliotikisika na haujapona ukipata pigo la pili, hata dogo, unaweza kuvimba ghafla. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea ni kifo au ulemavu wa maisha, na wanaopatwa ni vijana zaidi kuliko watu wazima. Mwaka 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mvulana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt aligonga kichwa chini, akapumzishwa kidogo, akarudishwa kipindi cha pili. Alianguka baada ya mechi. Aliokolewa kwa upasuaji wa ubongo, akabaki na ulemavu mkubwa. Januari 2011, Ireland ya Kaskazini, Benjamin Robinson wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akafariki. Kutokana na yaliyompata Zackery, jimbo lake lilipitisha mwaka 2009 sheria ya kumtoa mtoto uwanjani na kutomrudisha bila kibali cha mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Basi nikikataa, si ukaidi. Benchi lina wachezaji wa akiba, lakini kichwa cha akiba hakuna. Na usimuulize mtoto kama anaweza kuendelea. Atakwambia anaweza, siku zote.

Dalili zipi zinataka hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku?

Usisubiri kuche ukiona lolote kati ya haya:

- kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua
- anatapika zaidi ya mara moja
- amepata degedege au amezimia, hata kwa sekunde chache
- haamki vizuri, au anazidi kusinzia
- maneno yanamtoka kwa shida, hakutambui, au amekuwa mkali isivyo kawaida yake
- mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya jingine, au anaona vitu viwili viwili
- mkono au mguu umelegea, au anahisi ganzi
- majimaji yasiyo na rangi au damu inatoka puani au masikioni
- shingo inauma

La shingo lina amri yake kwa makocha. Mtoto akilala chini akasema shingo inauma au hahisi miguu, asiinuliwe, asiketishwe, asibebwe mikono na miguu kama gunia la viazi. Mtu mmoja apige magoti, ashike kichwa kisisogee, wengine watafute usafiri ambao mtoto atalala. Mvua ikinyesha, mfunikeni palepale.

Kituo cha afya cha karibu ndicho cha kuanzia, nao watatoa rufaa wakiona haja. Kwa nyanda zetu kesi nzito za kichwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ukiwa Iringa au Njombe, anza na hospitali ya rufaa ya mkoa.

Bibi yake anasema asilale kabisa mpaka kesho. Ni kweli?

Heshima kwa bibi, lakini hapana. Mpe jicho saa chache za kwanza. Kama hana dalili ya hatari, mwache alale, usingizi ni sehemu ya kupona. Lala naye chumba kimoja usiku ule wa kwanza. Kama daktari amesema umwamshe kila baada ya muda fulani, fuata. Hofu yetu si usingizi, ni mtoto ambaye ukimgusa haamki.

Jumatatu alikuwa na kichwa na anatapika. Si malaria hiyo?

Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa kichwa alichogonga Jumamosi. Inaweza kuwa vyote viwili.

Naomba wazazi wanielewe hapa. Kwetu mtoto akisema kichwa kinauma na hataki kula, mawazo ya kwanza ni malaria, ya pili ni taifodi. Anapelekwa duka la dawa, anapewa vidonge, siku tatu zinapita. Mhudumu hawezi kukisia kwamba mtoto alianguka uwanjani siku mbili zilizopita kama hujamwambia, na mara nyingi aliyempeleka ni shangazi au dada wa kazi ambaye hakuwepo mechini. Kwa hiyo mtoto akitolewa kwetu kwa sababu ya kichwa, tunakupa karatasi yenye tarehe, saa na jinsi alivyogongwa. Karatasi hiyo iende naye popote. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini anayempima ajue habari ya kichwa.

Vivyo hivyo kwa tabia. Mtoto mpole akiwa mkali ghafla, analia ovyo, anasahau alichotumwa, kuna watakaosema amechezewa au ana jeuri ya balehe. Rudi nyuma uhesabu siku tangu alipoanguka.

Nimpe dawa gani?

Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, inatosha. Siku mbili za kwanza usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, maana zinaweza kuongeza damu kuvuja kama kuna mahali panapovuja. Dawa za usingizi marufuku kabisa.

Siku za mwanzo nyumbani afanye nini?

Zamani mtoto alifungiwa chumba chenye giza kwa wiki nzima. Wataalamu wa michezo waliokutana Amsterdam mwaka 2022 kupitia ushahidi walieleza vingine: apumzike kiasi kwa saa 24 hadi 48, akiweza kutembea uani na kufanya mambo mepesi, na simu na televisheni zipunguzwe sana katika saa hizo 48. Baada ya hapo anaongeza shughuli kidogo kidogo, alimradi dalili hazizidi sana.

Kwa maisha yetu ninaongeza. Asibebe ndoo ya maji kichwani, wala mzigo wa kuni. Asipande miti. Asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda kwenye barabara za mashimo. Haya hayaandikwi kwenye vitabu vya kigeni, lakini ndiyo siku ya mtoto wa Uyole au Tukuyu.

Na shule je? Ana mtihani.

Shule inatangulia uwanja. Asirudi mpirani kabla hajaweza kukaa darasani siku nzima bila kichwa kuuma. Aanze na nusu siku kama ikibidi, akae mbali na dirisha lenye jua kali, aruhusiwe kulaza kichwa kidogo. Twisheni ya jioni iachwe kwa muda. Zungumza na mwalimu wa darasa mwenyewe, usimtume mtoto. Kama yuko bweni, mpigie matroni au patroni usiku uleule wa tukio, kwa sababu ndiye atakayemwona saa nane za usiku.

Atarudi uwanjani lini?

Hatuhesabu wiki tu, tunapanda ngazi. Kwanza shughuli za kawaida za nyumbani na shule. Pili, kutembea haraka na kukimbia polepole. Tatu, mazoezi ya mpira akiwa peke yake: kukimbia na mpira, kupiga pasi ukutani. Nne, mazoezi na wenzake bila kugusana. Hapo anasimama mpaka mtaalamu wa afya amwone na kuandika kwamba yuko sawa. Tano, mazoezi kamili. Sita, mechi. Kila ngazi inachukua angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka ngazi moja na kutulia.

Watoto hupona taratibu kuliko watu wazima. Wengi huwa sawa ndani ya wiki nne, na kwetu hakuna anayecheza mechi kabla ya siku 21, kama mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unavyosema. Ndiyo, hata kama ni fainali. Ndiyo, hata kama maskauti wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wanakuja. Nimegombana na wazazi wawili na kocha mmoja kwa siku hizo 21, na niko tayari kugombana tena.

Mnawafundisha kupiga mpira kwa kichwa?

Walio chini ya miaka 11, hapana. Shirikisho la soka la Marekani lilizuia jambo hilo mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, na mwaka 2020 Uingereza ikashauri liondolewe kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Kwa wakubwa tunafundisha kwa mpira mwepesi, mara chache, na jambo la kwanza ni kutazama aliyeko kando yako. Vichwa vingi vilivyoumia kwetu viligongana na kichwa kingine, kiwiko, ardhi ngumu ya kiangazi au mlingoti. Milingoti yetu ya kuhamishika tunaichimbia au kuifunga kwa mifuko ya mchanga. Mtoto akining'inia kwenye goli anatolewa nje papo hapo.

Kofia maalumu zinasaidia?

Zinapunguza michubuko na kupasuka. Haziuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Hela hiyo mnunulie viatu vinavyomtosha.

Fomu yenu ya afya inauliza mambo mengi. Kwa nini niwaambie magonjwa ya mwanangu?

Kwa sababu siku atakapoanguka, aliye karibu naye ni sisi. Mtoto mwenye kisukari aliyeshuka sukari anayumba kama aliyegonga kichwa. Mwenye kifafa akianguka tunatakiwa kujua kama alianguka ndipo degedege likaja, au degedege ndilo lililomwangusha. Bila fomu tunabahatisha.

Taarifa hizo hazisomwi na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Fomu zinafungiwa. Kocha anapewa kadi ndogo yenye yale tu anayoyahitaji uwanjani: jina, mzio, dawa ya dharura, namba mbili za simu.

Kuhusu virusi vya UKIMWI nitasema wazi, kwa kuwa mikoa yetu ndiyo imebeba mzigo mkubwa nchini. Njombe ilikuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023. Hatuulizi hali ya mtoto, na mzazi halazimiki kutuambia. Anayetumia ARV na mwenye afya anacheza kama mwingine yeyote. Damu ya kila mtoto tunaishika kwa glavu, na jezi yenye damu inabadilishwa, bila kuuliza ni ya nani. Kocha akimtenga mtoto kwa tetesi, anayeondoka ni kocha.

Mtoto wangu ana sikoseli (selimundu). Acheze au akae?

Acheze, kwa mpango. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, takribani 11,000 kila mwaka, na wengi wamenyimwa michezo kwa hofu tu. Hofu ina msingi, lakini kinacholeta maumivu tunaweza kukipunguza: baridi, kukaukiwa maji, kuchoka kupita kiasi.

Baridi ndiyo adui wetu mkuu huku. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi vidole vinakufa ganzi. Mtoto aliyetoka Kyela, karibu mita 500 tu kando ya Ziwa Nyasa, akija huku kwa mashindano hajazoea baridi wala hewa hii nyepesi. Watoto wenye sikoseli wanaanza saa nne, jua likishatoka, wakiwa na sweta na soksi mpaka wapate joto. Maji wanakunywa kila baada ya dakika 15 hadi 20, hata wakisema hawana kiu. Wanapumzika wanapotaka, bila kuomba ruhusa na bila kuitwa wavivu. Nguo zikilowa kwa mvua au jasho zinabadilishwa. Dawa zake za kila siku, kama haidroksiyurea na foliki asidi, haziachwi kwa sababu ya mechi.

Homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au tumbo kuvimba upande wa kushoto ni hospitali. Na makocha mlishike hili: mtoto wa sikoseli akilegea upande mmoja au mdomo ukapinda, msiseme "aligongwa kidogo, atapata nafuu". Hicho kinaweza kuwa kiharusi, nacho huwapata watoto hawa. Dakika zina thamani.

Pumu?

Inhela ya kutuliza ikae kwenye mfuko wa kocha, si kwenye begi lililofungiwa darasani. Vumbi la kiangazi na baridi ya alfajiri huamsha kifua, kwa hiyo kupasha mwili kunakuwa kwa taratibu na kwa muda mrefu. Usipokuwa na kifaa cha kuvutia dawa, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa: toboa kitako kiasi cha mdomo wa inhela, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza inhela mara moja, yaani pafu moja, avute pumzi mara nne hadi sita, kisha pafu jingine. Akishindwa kumaliza sentensi, au pafu kumi zikaisha bila nafuu, anapelekwa hospitali huku mkiendelea kumpa njiani.

Kifafa na kisukari?

Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mate. Mtoto akipata degedege, ondoa vitu vigumu, weka sweta chini ya kichwa, mgeuze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, au alikuwa amegonga kichwa, hospitali. Kuogelea mtoni au ziwani hatumruhusu bila mtu mzima anayemwangalia yeye peke yake.

Kwa mwenye kisukari cha sindano, kocha ana sukari mfukoni. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akichanganyikiwa, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, ngoja dakika 15, kisha apate chakula. Akiwa hana fahamu usimpe kitu mdomoni.

Niko peke yangu na watoto 40. Likitokea nifanye nini?

Usikubali kuwa peke yako. Mazoezi yetu hayaanzi bila watu wazima wawili, mmoja abaki na kundi, mwingine aende na mgonjwa. Kabla ya mpira kuguswa, hakikisha simu ina chaji na salio, namba ya dereva wa bajaji au gari anayejua uwanja wenu ipo, kadi za watoto zipo mfukoni, na mnajua kituo cha afya kipi kiko wazi Jumamosi mchana.

Mtoto aliyegonga kichwa haondoki peke yake, wala hapakiwi bodaboda. Anakabidhiwa mkononi kwa mzazi pamoja na karatasi yake. Akigongwa na chombo cha moto njiani kuja mazoezini, hospitali wataulizia PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, basi mtu mmoja aende polisi kuichukua wakati mtoto akiendelea kuhudumiwa, si kabla. Gharama za siku ya kwanza programu inalipa kutoka kwenye kibubu cha ada, na risiti tunawasomea wazazi kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.